Hesabu Kabla ya Mgao

Orodha ya kesi inayobandikwa asubuhi kwenye Mahakama Kuu ya Machakos huzitaja familia kwa mpangilio usiobadilika: katika suala la mirathi ya fulani, marehemu. Chini yake huja jina la mtoto mmoja, kisha "dhidi ya", kisha jina la mtoto mwingine. Asubuhi ya kwanza nilipoliona jina la baba pale, lilikuwa limebanwa kati ya marehemu wa Masii na marehemu wa Kathiani, na chini yake tulikuwa kaka yangu, kifungua mimba wetu, na mimi. Kando yangu mama mmoja wa makamo alikuwa akiifuata orodha kwa kidole. Alipofika kwenye jina analolijua alisimama, akamwita kijana aliyekuja naye amsomee tena. Ukurasa mzima ulikuwa wa mirathi.

Miaka niliyokaa kwenye mabenchi ya korti ile imenithibitishia jambo moja. Ndugu hufika pale wakisema wanapigania shamba, lakini kilichowatoa nyumbani ni usimamizi: nani ashike hati, nani apokee kodi ya nyumba, nani aitwe na benki. Mgao wenyewe sheria imeshauweka wazi. Kinachotuvunja ni mtu mmoja kushika mali ya wote bila kuwaambia wenzake ameshika nini na ametumia nini.

Baba alifariki 2014 bila kuacha wosia. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Iveti, na shamba lake lilikuwa dogo, limekatwa kwa matuta ya fanya juu aliyoyachimba yeye na mama tangu sisi tungali wadogo. Matuta hayo ndiyo yaliyouzuia udongo wa vilima vya Machakos usisombwe wote na mvua, na kila familia inajua nani alichimba lipi na mwaka gani wa njaa. Mbali na shamba, aliacha ploti pale Kyumbi, barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, yenye vyumba vya kupangisha. Aliacha hisa katika ranchi ya ushirika, akaunti ya benki, na malimbikizo ya pensheni.

Ploti na hisa ndizo zilizobadilisha hewa ya nyumbani. Wazee wa rika la baba walijiunga na ranchi za ushirika na kampuni za ardhi, Katelembo, Drumvale, Lukenya, Muka Mukuu na nyinginezo, wakichanga kidogo kidogo ili wapate sehemu ya mashamba makubwa yaliyokuwa ya walowezi. Kwa miaka mingi hisa ilikuwa karatasi ya kufungia kwenye sanduku, na ardhi yenyewe ilikuwa ya mbuzi na migunga. Kisha Nairobi ikaanza kushuka na barabara ya Mombasa: Mlolongo, Syokimau, Athi River. Serikali ikanunua ekari 5,000 kule Malili kwa ajili ya mji wa Konza, na ujenzi ukazinduliwa Januari 2013. Mwaka uliofuata, baba alipoaga, madalali walikuwa wakipita Kyumbi wakiuliza ploti hii na ile ni ya nani. Yetu haikuwa na wa kuijibia, na kaka akaanza kuijibia.

Alianza kukusanya kodi mwezi ule ule wa mazishi. Hakuna aliyempinga. Ndiye mkubwa, ndiye aliyekuwa na gari, ndiye aliyesimama na wazee wa ukoo kaburi lilipokuwa likichimbwa. Sheria ya Urithi, iliyopitishwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1981, inasema kwamba kuingilia mali ya marehemu bila kibali cha sheria ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Vijijini kwetu jambo hilo huonekana kuwa wajibu wa mtoto mkubwa. Ndiyo sababu familia nyingi nzuri, zisizo na nia mbaya hata kidogo, huanza safari hii zikiwa tayari zimeivunja sheria, na aliyeivunja ndiye anayesifiwa.

Mambo mengine niliyajua baadaye, nilipolisoma faili. Kaka alikuwa amekwenda kwa chifu, akapewa barua ya kuwatambulisha warithi. Barua ilimtaja mama na wana watatu wa kiume. Mimi na mdogo wangu wa kike hatukuwemo. Mama aliweka sahihi kwenye fomu ya kukubali kaka awe msimamizi akiamini ni karatasi za pensheni. Tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zikapita bila mtu kusema lolote, kwa sababu Mutituni na Mumbuni hakuna anayeamka Ijumaa kulitafuta Gazeti Rasmi. Hati ya usimamizi ikatoka kwa jina lake peke yake. Miezi sita ikapita, akaomba ithibitishwe, ikathibitishwa. Yote haya yalifanyika huku sisi tukija nyumbani kila Krismasi, tukila pilau moja, tukimuuliza mama hali ya magoti yake.

Nilizinduka siku mpangaji mmoja wa Kyumbi aliponipigia simu kuniuliza kama bado tutampangisha, maana mpima ardhi alikuwa ameshapiga vigingi. Nikamwuliza kaka. Hakukana. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma zaidi: "Wewe ulishachinjiwa mbuzi za ntheo. Kwenu ni Kangundo sasa. Ukitaka la kule, zungumza na shemeji."

Nampa haki yake: aliyasema aliyofundishwa. Kwa mila ya Wakamba, ntheo, yaani mbuzi wa kufunga ndoa, ikishatolewa, binti amehama ukoo, na ardhi hubaki kwa wanaume wa nyumba. Lakini sheria ya nchi haina mtoto wa kuolewa na mtoto wa kubaki. Inasema watoto, basi. Wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, mali hugawanywa sawa kwa watoto. Mjane akiwapo, yeye huwa na haki ya kuitumia mali hiyo maisha yake yote, na watoto hungoja. Mwaka 2005 Mahakama Kuu papa hapa Machakos iliikataa hoja kwamba mila ya Kikamba humzuia binti kumrithi baba yake, ikaiita ya ubaguzi. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Mahakama ya Rufani ilipoketi Eldoret iliamua kesi ya Rono, ambapo jaji wa awali alikuwa amewapa wavulana ekari 30 kila mmoja na wasichana ekari 5. Majaji wa rufani wakaipindua hukumu hiyo, wakisema watoto ni sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, ikaja kukata mzizi uliobaki. Kwa hiyo kaka aliponiambia kwetu ni Kangundo, aliyekuwa akibishana naye hakuwa mimi. Alikuwa akibishana na jambo lililokwisha kuamuliwa karibu miaka kumi kabla.

Nilikwenda kwenye masijala ya mahakama na kitambulisho changu, nikatoa namba ya faili, nikalipa ada ndogo ya kulikagua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimekutana na watu wengi wanaodhani faili la mirathi ni siri ya wakili na msimamizi. Si siri. Ni kumbukumbu ya mahakama. Karani alinipa, nikaketi kwenye ukingo wa dirisha, nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Mwandiko wa kaka ninaujua tangu akinisaidia hesabu za darasa la nne. Kwenye hati yake ya kiapo, palipoandikwa majina ya watoto walioachwa na marehemu, alikuwa ameandika majina matatu kwa kalamu ya buluu, kwa herufi kubwa nadhifu, na mistari iliyobaki akaipigia mstari mmoja wa kulazwa hadi chini. Mstari ule ulipita juu ya mahali petu mimi na dada yangu.

Kabla ya kwenda kwa wakili, tuliwaendea wazee wa ukoo. Ilikuwa lazima. Ukambani, ukoo una mwenyekiti, una katibu, una vikao na kumbukumbu za vikao, na mtu anayeruka hatua hiyo akaenda moja kwa moja kortini hupoteza hata wale ambao wangemuunga mkono. Walitusikiliza siku nzima chini ya mwembe. Walikubali kwamba mama alidanganywa, na hilo liliwakasirisha kweli. Lakini kuhusu mabinti walinyamaza, na mzee mmoja akapendekeza kaka ale kithitu kwamba hajauza chochote. Kiapo hicho kinaogopwa Ukambani kuliko jela. Husemwa kwamba hufuata nyumba hadi wajukuu. Mama, mshirika wa kanisa la AIC tangu ujana wake, aliinuka kwenye kiti chake na kusema hatakubali mwanawe aapishwe kifo kwa ajili ya ploti. Kikao kikaishia hapo. Nawaheshimu wazee wale. Hata hivyo chombo chao kilijua kumtia mtu hofu, hakikujua kumdai risiti.

Basi tukaomba hati ibatilishwe. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinairuhusu mahakama kuifuta hati iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu au kwa maelezo ya uongo, hata kama imeshathibitishwa. Kuna sababu nyingine katika kifungu hicho hicho ambayo watu huipita haraka: msimamizi aliyeamriwa kutoa orodha ya mali na hesabu, akashindwa kuitoa, naye anaweza kuvuliwa hati. Wakili wetu aliziweka zote.

Kisha tukangoja. Sitaeleza kila tarehe iliyoahirishwa, kwa maana aliyewahi kungoja anaijua njia hiyo na ambaye hajangoja hataamini. Foleni ilikuwa na sababu yake. Hadi kuja kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu hakuruhusiwa kushughulikia mirathi inayozidi shilingi 100,000, na hakuna ploti ya Machakos iliyokuwa chini ya hapo. Kila mwenye chumba kimoja cha mabati alilazimika kwenda Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi watu wa Kitui na Makueni pia walileta mirathi zao kwetu. Sheria mpya ilimpandisha hakimu mkuu hadi shilingi milioni 20, lakini mafaili ya zamani yalibaki yamerundikana. Katika kungoja huko ndugu yetu wa tatu aliacha kuja nyumbani. Kitinda mimba alikopa pesa kwa dalali akiweka rehani sehemu ambayo bado haikuwa yake.

Kilichotuokoa ni upatanishi wa mahakama. Mpango huo ulianza Nairobi mwaka 2016, katika vitengo vya familia na biashara vya Mahakama Kuu, kisha ukafika Machakos. Faili huondolewa mbele ya jaji kwa muda wa siku 60, hupewa mpatanishi aliyeidhinishwa, ambaye halipwi na wenye kesi, na wakikubaliana makubaliano yao hupelekwa kwa jaji yawe amri ya korti. Yanayosemwa humo ndani hayawezi kutumiwa kama ushahidi baadaye, na hilo peke yake huwafungua watu midomo.

Mpatanishi wetu alikuwa mama mtulivu aliyevaa miwani ya kamba. Siku ya kwanza kila mmoja wetu alikuja na hotuba yake. Mimi nilikuja na nakala ya kesi ya Rono niliyoipigia mistari. Alituacha tuzungumze, kisha akasema hatutagusa ardhi hata kidogo kikao kile wala kijacho. Alimgeukia kaka na kumwomba, kwa Kikamba, alete kila karatasi ya pesa iliyoingia na iliyotoka tangu baba azikwe.

Nilidhani hatakuja nazo. Alikuja na mfuko wa nailoni wa duka kubwa, na ndani yake daftari la kurasa 96 lililoandikwa kurasa zote. Mpatanishi alilisoma kwa sauti, mwezi baada ya mwezi. Vyumba vya Kyumbi: nani alilipa, nani alihama usiku. Hapo tulisikia tuliyoyategemea: karo ya mwanawe wa kwanza ililipwa na kodi ya baba mihula mitatu mfululizo, na matairi mapya ya gari yalikuwemo. Lakini tulisikia pia ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiyajua. Bili ya hospitali ya Nairobi, ile ambayo sote tuliamini ililipwa na bima ya walimu, haikulipwa yote. Kaka alichukua mkopo kwenye sako yake ili mwili wa baba utolewe mochari, na alikuwa akiulipa mkopo ule, mwezi kwa mwezi, kwa mshahara wake na kwa kodi. Dawa za mama za shinikizo la damu zilikuwa kwenye kila ukurasa.

Mama ndiye aliyeuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mngesema nadai." Dada yangu akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nikijumlisha. Kwa sababu sheria iko upande wake kwenye hilo: gharama za mazishi na madeni ya marehemu hulipwa kwanza kabla mrithi yeyote hajapata chochote. Mkopo ule ulikuwa deni la mirathi, na angeuleta mezani mwaka wa kwanza tungeubeba sote. Katika aliyoyaficha, ilikuwemo pia haki yake mwenyewe.

Baada ya hesabu, mgao uliamuliwa alasiri moja. Kaka alirudisha karo na matairi kwa kukatwa kwenye sehemu yake. Mirathi ikabeba deni la hospitali. Hati ya zamani ilifutwa, ikatolewa mpya kwa majina matatu, mama, kaka na mimi. Sheria inaruhusu hadi wanne. Shamba la Iveti lilibaki la mama maisha yake yote, kisha litakuwa la watoto watano sawa. Kodi ya Kyumbi inaingia akaunti yenye sahihi mbili, na kila Aprili na Desemba daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wote, kaka akiwa ndiye msomaji. Kitinda mimba bado ana shida na yule dalali, na hisa za ranchi bado hazijahamishwa. Sijifanyi kwamba kila kitu kimepona.

Wakenya tunapenda kuzisimulia kesi za matajiri. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri wa Mzee Kenyatta, alifariki 1981, na mvutano juu ya mali yake ukadumu mahakamani zaidi ya miaka 30. Waliokuwa watoto wakati huo walizeeka ndani ya kesi. Tunasimulia kana kwamba ni maradhi ya wenye mabilioni. Ukisimama mbele ya ule ubao wa Machakos utaona kwamba vyumba sita vya mabati vinaweza kula miaka ile ile. Na ninaamini mahakama zingeweza kuizuia sehemu kubwa ya hasara hii. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Urithi kinamtaka msimamizi atoe orodha kamili ya mali na hesabu ndani ya miezi sita tangu apewe hati. Jukumu hilo liko kwenye karatasi tangu 1981. Ningependa kila jaji na kila hakimu alidai kabla hata mrithi hajalalamika, na akatae kuthibitisha hati yoyote isiyoambatana na hesabu. Barua ya chifu nayo isipokelewe mpaka mjane aulizwe ana kwa ana majina ya watoto aliowazaa, wote, walioolewa na wasioolewa. Atawataja bila kusita.

Mwezi uliopita mabinti wawili wa jirani walikuja kwangu. Baba yao amezikwa majuzi na ndugu yao mkubwa ameshapewa barua na chifu. Walitaka kujua kama wanaweza kulipata shamba. Niliwaambia waliache shamba kwanza. Niliwaandikia kwenye kipande cha karatasi: namba ya faili, majina yaliyoorodheshwa, tarehe ya tangazo kwenye Gazeti, fomu ya 38 ya ridhaa imetiwa sahihi na nani, na kodi ya duka lao pale sokoni Mutituni inapokelewa na nani tangu mazishi. Tangazo lilikuwa limetoka Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Nikawaambia waende masijala Jumatatu saa mbili asubuhi, na vitambulisho vyao, na mama yao wamchukue.